Siku Tuliyotembezwa Bruxelles

Sukari ikiungua, si ile ya kutoa moshi, ile ya kunata, mimi nageuza uso. Ni harufu ya gaufre, zile keki zao za mashimo-mashimo wanazouza kwenye vigari pale mjini watalii wanapopita. Wajukuu wangu wawili wananijua. Wao wakiinusa tu wananivuta mkono kama mbuzi aliyeona majani ya viazi. Nawanunulia. Sijawanyima hata mara moja. Lakini mimi nasimama upande upepo unakotoka na kuwangoja wamalize, na wao wananicheka: "Koko, weye unapendaka nini basi?"

Niwaambie kwanza habari za hawa wajukuu, maana bibi asiyejisifia wajukuu wake ana kasoro. Hapa Evere, katika jengo letu lote, hakuna watoto wazuri kama wangu. Mkubwa ana miaka mitano, anahesabu Kifaransa mpaka mia bila kupumua. Mdogo hajui kuhesabu, ila anauma, na akiuma haachi. Mimi nilizaa mapema, binti yangu naye hakuchelewa, nikawa koko kabla mvi hazijaniona. Shule sikufika mbali. Wengine wanaona aibu kusema hivyo. Mimi aibu yangu niliimaliza zamani kwa mambo mengine.

Juzi yule mkubwa akiwa na sukari mpaka kwenye nyusi akaniuliza mara ya kwanza kuiona Grand-Place, ule uwanja wa katikati ya mji, nilikuwa na nani. Nikamwambia: na Tonton Déo, na mdogo wangu Pacifique. Akauliza, "Ilikuwa muzuri?" Nikampangusa mdomo, tukaendelea na safari. Yeye bado mdogo. Nyinyi nitawaambia.

Tulikuja Bruxelles, huku Ubelgiji, kutembea tu, kama wageni. Mama, na mimi Faida wa miaka kumi na mbili, na Pacifique wa mitano. Ilikuwa ile miaka ya tisini, nchi yetu ingali inaitwa Zaïre. Tonton Déo, mdogo wake baba, alikuwa anabatizisha mtoto wake wa kwanza, akatuita tule sikukuu. Baba alibaki Bukavu na duka lake la vipuri vya baiskeli. Alisema nyumba bila mwanaume ni mlango wazi. Tukabatiza, tukala, tukapiga picha. Viza yetu ilikuwa inakaribia kwisha, masanduku yamefungwa, ndipo vita ikaingia kwetu. Ndege zikakatika. Tikiti zetu za kurudi zikafia ndani ya mkoba wa mama.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ganshoren, alikokaa Tonton, hakuna shamba. Kwa hiyo Tantine Béa, mke wake, alimpa mama sufuria. Hakumpa kwa ubaya. Mama mwenyewe alizitafuta. Alikuwa na mimba aliyotoka nayo nyumbani ikiwa bado inafichika chini ya kitenge, sasa imefika miezi saba, na miguu yake ilivimba kila jioni kama mikate. Aliosha vyombo akisikiliza simu. Kila simu ikilia, mkono wake ulitoka majini. Na kila mara haikuwa baba.

Sasa nawaambia mapema, kwa sababu sipendi hadithi za kuwaficha watu: baba alikuwa amekufa. Jumatano ya wiki tuliyotembezwa, padri mmoja aliyevuka mpaka akafika Bujumbura alimpigia Tonton simu kazini. Baba alipigwa risasi njiani, akikimbia pamoja na wengine. Tonton alibeba habari hiyo kifuani Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Alikula na sisi meza moja. Alimuomba mama ampitishie chumvi.

Msimlaumu. Kwetu kifo hakitupwi kwa mtu kama jiwe. Mjane haambiwi kwenye simu, haambiwi akiwa amesimama, haambiwi akiwa na njaa. Tata yangu, babu mzaa baba, alikuwa akisema, "Msiba haupewi mwenye tumbo tupu, utamla yeye." Kwanza mtu anapikiwa, anakula, ananawa mikono. Halafu wanawake wanamkalia karibu, mmoja kila upande, mmoja nyuma ya mgongo wa kuangukia. Ndipo mkubwa mmoja anasema. Na kilio kinafunguliwa na mwenyewe mjane. Hakuna mtu wa kulia kabla yake, hata mama mzazi wa maiti. Kwa mimba ya miezi saba, mamans wa kanisa walitaka pia awepo mwenzao mmoja aliyekuwa infirmière, muuguzi wa hospitali, na huyo nafasi yake ilikuwa Jumamosi tu.

Kwa hiyo Jumamosi watoto waondoke nyumbani. Kazi hiyo alipewa Tonton.

Mnaona ugumu wake? Habari ilikuwa imeshaanza kutembea kati ya watu wetu. Na watu wetu hawajui kupita mfiwa. Wakikuona njiani, hata katikati ya lami, wanashika mikono yako miwili na kusema pole, na machozi juu. Mtu mmoja tu wa Bukavu akutane na sisi, basi, watoto wamejua. Na mtoto akijua, simu ya kwanza au mlango wa kwanza atamfikishia mama vibaya. Tonton alifikiri, akapata akili ambayo mpaka leo nikiikumbuka natikisa kichwa. Atatupeleka mahali ambapo watu wetu hawaendi. Na mahali gani Bruxelles watu wetu hawaendi? Kule kwenye majengo ya zamani, kwa watalii. Miezi yote ile hakutuonesha hata kanisa moja la mjini, na sasa tutaoneshwa yote kwa siku moja.

Asubuhi alitoka chumbani amefunga tai. Mama akamtazama.

"Déo, leo hauende kazi?"

"Batoto bamekuya Ulaya, hawajaona hata kintu. Leo nabatembeza."

Mama alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mengine: alifurahi kweli. Alinichana nywele kwa nguvu mpaka macho yakavutika, akatupaka mafuta usoni tukang'aa kama viatu, akatuvalisha makoti ya parokia yaliyonuka naftalini. Mlangoni akatuonya, "Musimusumbue Tonton. Musiombe-ombe bintu." Jikoni Tantine Béa alikuwa anakoroga foufou, ugali wetu, huku ametupa mgongo, na hakugeuka kutuaga.

Kwenye basi Tonton alikaa upande wa mbele akichunguza kila mtu anayepanda. Akipanda mzungu, anatulia. Akipanda mweusi, anainama kama anafunga kamba za kiatu. Kituo kimoja alipanda mzee wa kofia ya manyoya, na Tonton akatunyanyua kwa kola, tukashuka, bado mbali.

"Tonton, tumefika?" Pacifique akauliza.

"Bon, tunatembea kidogo. Hewa ni muzuri."

Hewa ilikuwa inakata masikio. Nilifikiri yeye na yule mzee wamegombana. Nikamuomba twende Matonge, kwenye maduka ya watu wetu, nisukwe nywele. Akasema leo hapana, leo tunaenda wanakoenda wazungu wenyewe. Nikajiona mtu mkubwa sana. Nilitembea nimeinua kidevu, na kamasi zinateremka.

Tukafika mjini. Tonton hakujua hata jina la jengo moja, lakini alikuwa ameshaanza kutembeza, hakuweza kurudi nyuma.

"Hii nyumba ni ya nani?" Pacifique aliuliza.

"Ya mwami wao."

"Na ile?"

"Ile pia ya mwami."

"Na ile ya saa?"

"Bon, ile ni ya muke yake."

"Mwami moja, manyumba yote hii? Analala wapi?"

Tonton akasema mfalme anabadilisha kila usiku. Kwenye Grand-Place tuliona kuta zimepakwa dhahabu, dhahabu mpaka juu kwenye paa, na mvua ya asubuhi imeacha mawe ya chini yanang'aa kama mgongo wa samaki. Nikauliza kama hiyo dhahabu ilitoka kwetu. Siku nyingine angenifokea ninyamaze. Siku ile alisema, "Ndiyo, ilitoka kwenu." Alikuwa anasema ndiyo kwa kila kitu. Pacifique aliomba puto, ndiyo. Aliomba kubebwa mabegani, ndiyo, na viatu vyake vyenye matope juu ya koti safi. Huyu ni mtu ambaye nyumbani alizima taa nyuma yako kabla hujatoka chumbani! Nilianza kuogopa kidogo, vile mtoto anavyoogopa mkubwa akiwa mpole kupita kiasi.

Kuna mahali alituacha mbele ya dirisha la duka la chokoleti akaingia kwenye kibanda cha simu. Mlango haukufunga vizuri. Nilimsikia akiuliza, "Amekula?" Halafu, "Bon. Bado basi." Akatoka amefuta uso. Sikujua nani amekula. Nilifikiri ni mtoto wake.

Tukaenda kumuona yule mtoto wa shaba anayekojoa, maarufu wao. Tulitegemea kitu kikubwa. Kumbe kadogo, urefu wa paka aliyesimama, na watu wamejaa mbele yake na makamera.

"Njo huyu?" nikasema.

"Njo yeye. Batu bote hawa banatoka Japon juu yake."

Pacifique alimkodolea macho muda mrefu, kichwa pembeni. Kisha akauliza kwa sauti ya wasiwasi, "Baba yake iko wapi? Hamupigake?"

 Tonton aligeuka akaangalia ukuta. Mabega yake yakawa yanatingishika, akasema ni baridi. Nilimuamini. Nyinyi mngefanya nini na miaka kumi na mbili? Akatununulia gaufre, kila mtu na yake, moto, sukari inachuruzika, na tukarudi nazo Grand-Place kwa sababu Pacifique alitaka kuona tena nyumba ya dhahabu.

Hapo ndipo akili ya Tonton ilipoanguka. Alifikiri yote, ila alisahau kwamba ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi watu wanaoana, na wengine wanaoana pale pale, kwenye lile jengo kubwa la meya lenye mnara. Mlango ukafunguliwa. Kwanza tulisikia vigelegele. Vigelegele vya kwetu! Pacifique aliruka. Wakamwagika nje watu weusi mia, wanaume na suti za rangi ya chungwa na viatu vya ncha, wanawake wote na pagne moja, kitenge cha sare, bibi arusi mweupe kama keki, wazee wakirusha mchele, vijana wakiimba Lingala. Watalii waliliacha lile jumba wakaanza kupiga picha watu wetu. Tonton alitushika mikono kugeuka. Amechelewa.

"Déo! Déo, ni weye?"

Alikuwa mama mnene mwenye kilemba kirefu. Baadaye nilijua anaitwa Maman Vero, alikuwa jirani ya baba na Tonton walipokuwa vijana Bukavu. Alikuja akicheka, mikono imefunguka kama anakuja kukumbatia, na katikati ya njia uso wake ukabadilika. Nilimuona akikumbuka. Alitupa mikono kichwani juu ya kile kilemba.

"Ee ndugu yangu! Tulisikia jana kwa batu ba Bujumbura. Pole. Pole sana, Déo. Kaka yako, muntu muzuri vile, kufa mu barabara sawa mubwa! Na ule muke na mimba… Na hawa njo batoto bake? Yesu wangu, banabaki na nani?"

"Maman Vero, nakuomba," Tonton akasema chini-chini. "Batoto hawajue."

Alijiziba mdomo na glavu zake nyeupe. Nyuma yake wakaanza kumuita, "Maman Vero, yaka! Yaka tupige foto!" Alitutazama, akawatazama wale. Arusi ya watu haichafuliwi na msiba, hiyo pia ni sheria. Basi akarudi kule kwa hatua za kucheza, makalio yakizunguka, vidole juu, na machozi yanateremka mpaka kwenye mkufu. Akaingia katikati yao akatabasamu. Ile foto ipo mahali, katika albamu ya mtu, na hakuna anayejua yule mama alikuwa anacheka nini.

Pacifique hakusikia kitu. Alikuwa anaokota mchele kwenye mawe, anauonea huruma, anasema watu wanatupa chakula.

Mimi nilisikia yote. Gaufre ilikuwa mdomoni mwangu. Kwetu mtu akipata habari ile hachagui. Kilio kinatoka chenyewe, kutoka kwenye magoti. Nilikihisi kinapanda. Tonton akachuchumaa mbele yangu, tai yake ikagusa maji ya chini, akanishika mashavu.

"Faida. Niangalie. Weye njo mukubwa. Mama yako hawajamuambia."

Nikasukuma kipande kingine mdomoni. Na kingine. Nilijaza mdomo mpaka pumzi ikapita puani peke yake, nikameza, ikakwama, nikameza.

"Banamuambia akimaliza kula," akasema. "Kilio ni ya mama yako. Akishalia yeye, basi na weye utalia. Sasa hapana. Huyu mutoto asijue mu barabara."

Nilipoweza kusema, niliuliza kitu kimoja. "Wamemuzika?"

"Wamemuzika."

"Nani?"

Tonton aliangalia chini, kwenye mawe. "Batu," akasema.

Watu. Mpaka leo ndiyo jibu ninalolijua. Baba yangu alizikwa na watu.

Sasa fikirini, ule mji tuliendelea kuuona. Saa zote zile za alasiri! Tulipanda ngazi, tukashuka ngazi. Tukaona farasi wa shaba na mwami mwingine juu yake. Tukaingia kanisa kubwa, madirisha yana rangi za damu na samawati, na Tonton akapiga magoti lakini hakuomba, alishika tu ukingo wa benchi ya mbele kama mtu aliye ndani ya mtumbwi unaoyumba. Nilisema ndani ya kichwa changu: sasa anakula. Sasa ananawa mikono. Sasa wamemkalia. Nilimuona mama ninavyowaona nyinyi, akishangaa kwa nini mamans wote wamekuja bila ule utani wao wa kubisha hodi, akianza kusoma nyuso zao. Na nilimuomba Mungu wa lile kanisa mama ale polepole. Aongeze samaki. Aombe maji. Kadiri anavyokula ndivyo anavyobaki bado ana mume.

Tulipotoka, Pacifique alishikwa na mkojo. Hakukuwa na choo, na maduka yalitufukuza kwa macho. Yule mtoto akasimama kwenye uchochoro, akasukuma tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni, sawasawa na yule wa shaba, akaachia ukutani. Mzungu mmoja mama mwenye mbwa akasimama, akaanza kumfokea Tonton kwamba sisi tumekuja na tabia za porini. Tonton alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwa Kifaransa safi, kwa adabu yote:

"Madame, wa kwenu mlimjengea sanamu."

Yule mama alivuta mbwa wake akaondoka. Mimi nikaanza kucheka. Nilicheka nikashindwa kuacha, nikashika ukuta, tumbo likauma, na kicheko kikaanza kugeuka sauti nyingine. Tonton alikisikia kinapogeuka. Akanivuta uso wangu ndani ya koti lake, akanibana pale, akawa anasema kwa sauti kubwa ili Pacifique asikie, "Huyu dada yako anacheka sana! Angalia vile anacheka!" Na Pacifique naye akacheka, amefurahi kwamba ni yeye aliyetuchekesha.

Tulikuta kibanda kingine. Safari hii hakuuliza kitu. Alisikiliza, akaweka simu mahali pake, akaendelea kuishika kana kwamba itaanguka. Akatoka.

"Tayari," akasema. Neno moja. Pacifique akauliza nini tayari. "Chakula," Tonton akasema. "Turudi."

Kwenye basi hakumuinamia mtu tena. Walipanda weusi wawili, akawasalimu.

Kule Ganshoren viti vyote vya sebuleni vilikuwa vimetolewa nje kwenye ngazi, meza imesimamishwa ukutani, ili ndani watu wakae chini. Jirani wa juu, mzungu mzee, alikuwa anapenya katikati ya viti na mkate wake, akamuuliza Tonton kama tunahama. Mlangoni viatu vya wanawake vilijaa, vimevuliwa ovyo. Hakukuwa na kelele. Kilio cha kwanza kilikuwa kimeshapita, kile ambacho nilikingoja mji mzima, na mimi sikukisikia. Kulikuwa na ile sauti ya chini inayobaki, kama sufuria iliyotolewa motoni.

Nilitaka kuingia wa kwanza. Nilikuwa na haki; Tonton aliniahidi. Lakini Pacifique alipita chini ya mkono wangu na puto lake, akakimbilia ndani.

Mama alikuwa kwenye godoro sakafuni, ameegemezwa kwenye miguu ya infirmière, kitenge kimefungwa juu ya tumbo, nywele zimefumuliwa. Uso wake sikuujua. Wanawake kumi na kitu wamekaa kumzunguka. Pacifique aliona watu wengi, akaona wamekuja kumsikiliza yeye. Akasimama katikati yao.

"Mama! Tumeona mutoto anakojola! Vile!" Akasukuma tumbo mbele, mkono kiunoni. "Vile! Mbele ya batu! Na ba-Japon banamupiga foto!"

Mmoja akainuka kumvuta. Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika kama kitambaa, "Mumuache."

Kisha akamwambia yeye, "Endelea, papa." Sisi mtoto wa kiume tunamuita hivyo, papa, hata akiwa bado ananyonya. "Endelea. Na kisha?"

Akaendelea. Alisema mwami ana nyumba nyingi na analala moja-moja. Alisema kuna arusi, na watu wanatupa mchele, na yeye ameleta kidogo, akatoa mfukoni punje zenye matope, akazimimina kwenye kiganja cha mama. Wanawake waliangalia sakafu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kilio kimefika kwenye meno. Mama akainua macho akaniona juu ya kichwa cha mdogo wangu. Akajua kwamba najua. Sijui alijuaje, lakini mama ni mama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja: bado.

Bado! Nilimkasirikia, nisiwafiche. Nilimkasirikia kwa miaka. Nilibeba kile kitu kwenye ngazi zao zote na makanisa yao yote kwa sababu yake, nikafika, na yeye ananinyima. Nilifikiri anamdanganya mtoto. Nilifikiri amempenda Pacifique kuliko mimi. Hata mdogo wetu alipozaliwa, msichana, mzima kabisa, na anafanana na mimi, bado nilikuwa na lile donge.

Pacifique alimaliza kwa kusema hivi: "Baba akikuya, mimi njo nitamutembeza. Minajua njia yote. Minajua na bus."

"Utamutembeza," mama akasema.

Ilibidi nizae mwenyewe, nizike wa kwangu wawili watatu, ndipo nikauelewa ule uso mama aliomtazamia Pacifique. Katika nyumba ile yote, na viti vyake nje, na watu wake chini, sisi sote tulikuwa tumeshafiwa. Tonton alikuwa amefiwa tangu Jumatano. Mama, tangu alipoweka kijiko chini. Mimi, tangu kwenye ile arusi. Alibaki mmoja tu, yule mdogo mwenye matope kwenye viatu, aliyekuwa bado ana baba. Asubuhi wangemwambia, na yule mtoto asingeonekana tena duniani, angekuja mwingine mwenye sura yake. Mama alikuwa hamdanganyi. Alikuwa anamwangalia.